Jinsi Dawa Mpya Inavyopimwa Pamoja na Dawa ya Zamani



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike somo la Bayolojia katika toleo hili la muhula. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya ndege wa Ziwa Singidani, walakini nimebadili nia. Nitaandika juu ya dawa, na namna dawa mpya inavyopimwa kabla haijaruhusiwa kutumiwa na wagonjwa wote. Nimechagua jambo hili kwa kuwa mwaka juzi mimi mwenyewe, mwalimu wa somo hili, nilikosea nyumbani kwetu, na kosa langu lilikaribia kumdhuru kaka yangu, na mama yetu pia. Wale waliokuwa Kidato cha Tatu mwaka ule hawajui kwamba ndio walionitoa katika kosa hilo. Leo watajua.

MARADHI YA KAKA YANGU

Kaka yangu alikuwa mkulima wa alizeti katika wilaya ya Iramba. Siku moja ya mwezi wa Januari alianguka shambani akipalilia, akatetemeka mwili mzima, na povu likamtoka mdomoni. Majirani wengine walisema ni kifafa, wengine wakasema amerogwa. Lakini shemeji yangu alikumbuka kwamba kwa majuma mengi mumewe alikuwa akiamka alfajiri na maumivu makali ya kichwa, akitapika kabla hajala kitu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kulegea hata jembe likamponyoka.

Basi tukampeleka Dodoma akapigwa picha ya kichwa, na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa. Waganga walitoa uvimbe kadiri walivyoweza, wakaupima, kisha wakatuita na kututajia jina lake: glioblastoma. Hii ni saratani inayoanza ndani ya ubongo wenyewe, nayo ni kali kuliko nyingi. Uvimbe wake haukai mahali pamoja kama jiwe ndani ya gunia la mtama. Hutandaza chembe zake katikati ya chembe nzuri za ubongo, kama mizizi ya magugu inavyopenya katikati ya mizizi ya mimea. Mpasuaji hawezi kuzitoa zote bila kuharibu ubongo ambao mtu huutumia kusema, kutembea na kukumbuka.

Kwa hiyo baada ya kupasuliwa mgonjwa hupewa mionzi, kwa kawaida mara 30, siku tano kwa juma kwa muda wa majuma sita, pamoja na vidonge vya dawa iitwayo temozolomaidi. Kaka aliruhusiwa kurudi nyumbani apumzike majuma machache mpaka kidonda cha kichwani kipone. Baada ya hapo alitakiwa arudi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kuanza mionzi.

Ilikuwa katika majuma hayo ya kupumzika kwamba mimi nilikosea.

MKEBE WA MAMA

Mama yetu ana ugonjwa wa kisukari. Kila siku humeza vidonge vya metformini, na huvihifadhi katika mkebe wa zamani wa kahawa. Jumamosi moja jioni mtoto wa kaka, anayesoma chuo huko Dodoma, alitusomea habari aliyoipata katika simu yake. Habari hiyo ilisema kwamba saratani hula sukari, na kwamba metformini huinyima sukari hata ikafa njaa. Akanigeukia mimi. “Baba mdogo, wewe ndiwe mwalimu wa mambo haya. Je, ni kweli?”

Nilifurahi kuulizwa, maana niliijua sehemu ya jibu. Nikawaeleza habari za Otto Warburg, mtaalamu wa Kijerumani, ambaye katika miaka ya 1920 aligundua jambo la ajabu. Chembe hai za mwili, ambazo vitabu vyetu vya siku hizi huziita seli, hupata nguvu kwa kuunguza sukari kwa msaada wa hewa ya oksijeni. Chembe za saratani mara nyingi hufanya vingine. Hata kama oksijeni ipo tele, huchukua sukari nyingi na kuivunja nusu nusu tu, zikiacha asidi ya laktiki, ile ile inayozidi katika misuli ya mkimbiaji wa mbio fupi. Nikawapa mfano wa mafiga matatu na jiko la udongo lililojengwa vizuri. Mafiga hula kuni nyingi na joto linalofika chunguni ni kidogo, na saratani nayo ni kama mafiga. Kutoka chembechembe moja ya sukari, njia ya nusu nusu hutoa vifungu 2 vya nguvu, vile viitwavyo ATP. Njia kamili hutoa 30 hivi.

Nikaendelea kusema kwamba metformini huzuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na tena huingia katika mitokondria, yaani majiko ya chembe hai, ikapunguza moto wake. Mambo hayo yote ni kweli. Kisha nikamaliza kwa maneno haya: “Kwa hiyo inawezekana.”

Nilirudi shuleni kesho yake. Sikujua neno langu lilifanya kazi gani nyuma yangu. Juma lililofuata shemeji alinipigia simu kuniuliza kama fedha ya nauli ya Dar es Salaam wanaweza kuitumia kununua mahindi. Nikamwuliza, “Kwani safari imeahirishwa?” Akajibu, “Shemeji, si ulisema ile dawa ya mama inafaa? Mgonjwa anaogopa mionzi. Ameanza vidonge tangu Jumatatu.” Nilipouliza vidonge vimetoka wapi, alisema ni vya mama. Mama alikuwa ameanza kumeza nusu ya dawa yake, ili nusu nyingine ampe mwanawe.

Mimi nilisema “inawezekana”, wao wakasikia “inafaa”. Lakini siwalaumu. Mwalimu akinena mbele ya wagonjwa na wazee, maneno yake huchukuliwa kwa uzito kuliko alivyokusudia. Hata siku ile, katika simu, sikumkataza kwa nguvu. Nilimwambia ningefikiri. Moyoni mwangu nilikuwa bado naipenda ile hoja, kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu nilitaka iwe kweli.

SWALI LA MWANAFUNZI

Siku mbili baadaye nilikuwa na Kidato cha Tatu katika shamba la shule. Mtakumbuka kwamba mwaka ule tulipanda alizeti katika vipande vinane, tukatia samadi ya mbuzi katika kila kipande. Alizeti ilikuwa imefika kifuani. Nikauliza, “Je, samadi imesaidia?” Wote wakaitikia, “Ndiyo, mwalimu.”

Msichana mmoja aliyesimama nyuma akanyoosha mkono. Akasema, “Mwalimu, tutajuaje? Mwaka huu mvua nayo imekuwa nzuri. Hatukuacha hata kipande kimoja bila samadi.”

Darasa lilicheka kidogo, wakidhani anatafuta ubishi. Mimi sikucheka. Nilisimama kimya hata wakaanza kutazamana. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa kwa habari ya alizeti, nami niliona kuwa ndilo swali nililopaswa kuuliza Jumamosi ile nyumbani, nisiulize. Nilikuwa na maelezo mazuri ya namna dawa ingeweza kufanya kazi. Sikuwa na kipande cha kulinganishia.

Jioni ile nilipiga simu nyumbani. Nilimwambia kaka kwamba nimekosea, kwamba mama arudishiwe vidonge vyake vyote, na kwamba Jumapili nitakuja mwenyewe kumchukua twende Dar es Salaam. Alinyamaza kitambo, akasema, “Juma lililopita ulisema vingine.” Nikamjibu, “Ndiyo kaka, na juma lililopita nilikosea.” Halikuwa neno jepesi kulisema.

Sasa nitaeleza kwa utaratibu yale ambayo ningalipaswa kuyaeleza Jumamosi ile.

MAANA YA KUPIMA “PAMOJA NA”

Mkulima akitaka kujua kama samadi inafaa, huligawa shamba mara mbili. Pande zote mbili hupata mbegu ile ile, palizi ile ile na mvua ile ile. Upande mmoja huongezewa samadi. Mavuno yakizidi upande huo, hapo ana haki ya kuisifu samadi. Hakuna mkulima mwenye akili atakayesema, “Upande wa samadi sitaupanda mbegu, ili nione nguvu ya samadi peke yake.”

Dawa mpya ya saratani ya ubongo hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Wagonjwa waliokubali kwa hiari yao hugawanywa katika makundi mawili. Makundi yote mawili hupewa matibabu yaliyokwisha thibitishwa, na kundi moja huongezewa dawa mpya. Hakuna mgonjwa anayenyimwa kile kinachojulikana kuwa kinasaidia. Tena yako mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza, mgawanyo hufanywa kwa kura. Mganga akiruhusiwa kuchagua, anaweza bila kujua kuwapa dawa mpya wagonjwa wenye nguvu zaidi, kama mkulima anayetia samadi pale penye udongo mweusi.

La pili, mara nyingi kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana na dawa mpya lakini hakina dawa ndani yake. Mgonjwa hajui amepata kipi, na mganga anayempima hajui. Kwa njia hii matumaini hayawezi kuharibu hesabu.

La tatu, wagonjwa lazima wawe wengi wa kutosha. Watu hawafanani. Yuko mwenye glioblastoma atakayeishi miezi mitano, na yuko atakayeishi miaka mitano, wote wakiwa wamepata matibabu sawa. Ukiwa na mgonjwa mmoja tu aliyepona, hujui kama ni dawa iliyomponya au alikuwa mmoja wa wale wachache.

Kabla ya kufikia ulinganisho huo mkubwa dawa hupita hatua nyingine. Kwanza hupewa watu wachache ili kujua kipimo gani hakidhuru. Kisha hupewa watu zaidi kidogo ili kuona kama kuna dalili ya faida. Hapa Tanzania jaribio la namna hii haliwezi kuanza bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na bila kupitiwa na watu wa maadili ya utafiti, kama wale wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mgonjwa huelezwa kwa lugha anayoielewa, hutia sahihi, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake.

Matibabu ambayo kaka alikuwa akiyaogopa yalipatikana kwa njia hii hii. Zamani mgonjwa wa glioblastoma alipewa mionzi peke yake baada ya kupasuliwa. Wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata mionzi, na la pili likapata mionzi pamoja na temozolomaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005. Katika kundi la mionzi peke yake nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 12.1, na katika kundi la pili nusu waliishi zaidi ya miezi 14.6. Waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa kama 10 katika kila 100 upande wa kwanza, na kama 26 katika kila 100 upande wa pili.

Msidharau tofauti ya miezi miwili na nusu. Ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo, mtu mmoja aliyeketi nyumbani kwake asingaliweza kuiona. Ilihitaji watu 573, kura na hesabu ili ionekane.

HABARI ZA MULAGO

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya Ulaya tu. Baadhi ya hatua kubwa za kutibu saratani kwa dawa zilipigwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1957 mpasuaji aliyezaliwa Ireland, Denis Burkitt, alimwona katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtoto mwenye uvimbe mkubwa katika mataya. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, nao sasa huitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa muda wa majuma kumi, wakapita Kenya na Tanganyika hata Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo unajulikana.

Miongoni mwa dawa zilizojaribiwa kwa watoto hao ni methotrekseti. Dawa hii inatuhusu sana, maana nayo huingilia namna chembe hai inavyotumia chakula chake. Chembe hai inayotaka kugawanyika huhitaji foliki asidi, vitamini tunayoipata katika mboga za majani na kunde. Methotrekseti ina umbo linalofanana nayo. Ni kama ufunguo wa bandia: huingia katika kufuli, haufungui, tena huuzuia ufunguo wa kweli usiingie. Chembe haiwezi kutengeneza DNA mpya, na chembe zinazogawanyika upesi kama za saratani ndizo huumia zaidi. Kwa hiyo fikira ya kuishinda saratani kupitia chakula chake si upuzi. Imekwisha zaa dawa za kweli, lakini dawa hizo zilipimwa kwanza.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mganga wa Kimarekani John Ziegler alikiongoza mwanzoni, na baadaye kikaongozwa na Mganda, Charles Olweny. Mwaka 1976 Olweny na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya huko kwa kura. Wagonjwa wa kundi moja walipewa siklofosfamaidi peke yake, dawa iliyokuwa imekwisha zoeleka. Wa kundi la pili walipewa siklofosfamaidi hiyo hiyo, pamoja na vinkristini na methotrekseti. Tazameni neno “pamoja na”. Makundi yote mawili yalipata dawa iliyojulikana.

Mulago ilifundisha jambo jingine pia. Watoto wengine waliyeyukwa na uvimbe wa taya hata uso ukarudi kama zamani, kisha ugonjwa ukatokea katika ubongo na katika maji yanayouzunguka. Sababu yake ni kwamba mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta mgumu, ambao dawa nyingi haziwezi kuupita vizuri. Ilibidi methotrekseti ipigwe kwa sindano mgongoni, moja kwa moja katika maji hayo. Kumbe dawa inaweza kushinda katika taya na kushindwa katika kichwa cha mtoto yule yule. Hakuna aliyelijua hilo kwa kufikiri tu. Lilijulikana kwa kuwafuata wagonjwa na kuandika yaliyowapata.

METFORMINI ILIPIMWA IKAONEKANAJE?

Metformini imetumiwa kwa kisukari tangu miaka ya 1950, baada ya Mfaransa Jean Sterne kuandika juu yake mwaka 1957. Mwaka 2005 watafiti wa Scotland walitangaza kwamba wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakiimeza walionekana kupata saratani kwa uchache kuliko wenzao. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Lakini hapakuwa na kura: wale waliopewa metformini na wale wasiopewa huenda walitofautiana kwa mambo mengine mengi. Lilikuwa shamba letu la alizeti, vipande vinane vyote vyenye samadi na mvua nzuri.

Ndipo majaribio ya kweli yakafanywa. Wanawake zaidi ya 3,600 wenye saratani ya matiti waligawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu ya kawaida, na nusu yao wakaongezewa metformini. Matokeo yalitoka mwaka 2022, na metformini haikuzuia ugonjwa kurudi. Kwa upande wa ubongo, watafiti wa Korea Kusini waliwachukua wagonjwa wapatao 80 ambao glioblastoma ilikuwa imewarudia. Wote walipewa temozolomaidi, wengine pamoja na metformini, wengine pamoja na kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023, na faida haikuthibitika.

Dawa nyingine ya namna hiyo ni dikloroasetati, ambayo hujaribu kuilazimisha chembe ya saratani irudie jiko lake kamili. Mwaka 2007 watafiti wa Alberta, Kanada, walionyesha kwamba inapunguza uvimbe katika panya. Mara watu wakaanza kuitafuta na kuimeza wenyewe. Mwaka 2010 watafiti hao walitoa habari za wagonjwa watano wa glioblastoma waliopewa dawa hiyo pamoja na matibabu mengine. Wagonjwa watano hawatoshi kuthibitisha kitu, na dawa yenyewe inaweza kuharibu neva za mikono na miguu. Majaribio ya dawa za namna hii yanaendelea katika nchi mbalimbali, na huenda siku moja mojawapo ikafaulu. Ikifaulu, tutajua kwa ulinganisho.

Niongeze onyo moja kwa wazazi. Metformini ni dawa njema kwa mwenye kisukari aliyeandikiwa na mganga. Kwa mtu anayetapika, asiyekula wala kunywa vizuri, na ambaye huenda figo zake zimechoka, inaweza kusababisha ile asidi ya laktiki ijae katika damu, na hiyo ni hatari ya kufa. Kaka yangu alikuwa akitapika. Na mama, kwa siku zile za nusu dawa, sukari yake ilipanda hata macho yakaanza kuona ukungu. Mkebe mmoja ulikuwa unawadhuru watu wawili.

MWISHO WA HABARI YETU

Tulisafiri kwa basi yapata kilometa 700 mpaka Dar es Salaam. Tuliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya vidonge na kwa ajili ya kuishi huko. Kaka alipata mionzi yake yote 30. Nywele zilinyonyoka upande mmoja na uchovu ulikuwa mwingi, lakini aliweza kutembea kutoka kituo cha daladala mpaka hospitalini, na jioni alipenda kukaa pwani kutazama meli. Alirudi Iramba wakati wa kuvuna. Aliwasimamia wanawe wakipiga alizeti, naye akashona magunia kwa mkono wa kulia. Desemba alipanda tena.

Alifariki mwezi wa Agosti mwaka jana, nyumbani kwake, baada ya mavuno ya pili. Siwezi kuwaambia kwamba mionzi na vidonge vilimpa mwaka ule. Mtu mmoja hana kipande cha kulinganishia, nami nimekwisha jifunza nisiseme zaidi ya ninachokijua. Ninachokijua ni kwamba alipata matibabu ambayo watu 573 walikubali kugawanywa kwa kura ili yajulikane, na wengi wao walikwisha kufa kabla sisi hatujasikia jina la ugonjwa huo. Mgonjwa anayekubali kuingia katika jaribio huwasaidia watu asiowajua, wa mbali kama Iramba.

Mama yu hali njema. Mkebe wake umerudi mahali pake, na kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayevihesabu vidonge. Mtoto wa kaka bado hutusomea habari kutoka katika simu yake, lakini sasa kabla ya kumaliza huuliza mwenyewe, “Walilinganisha na nini?”

Msichana yule wa nyuma sasa yuko Kidato cha Tano katika shule nyingine. Kwa njia ya gazeti hili namshukuru.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya maneno haya mawili: “dawa hii inaweza kufanya kazi” na “dawa hii imethibitika kufanya kazi”.

2. Kwa nini dawa mpya ya saratani ya ubongo hupimwa pamoja na mionzi na temozolomaidi, wala si badala yake?

3. Mganga mmoja aliwachagua mwenyewe wagonjwa wa kupewa dawa mpya. Taja njia mbili ambazo uchaguzi huo unaweza kumdanganya.

4. Methotrekseti iliweza kuyeyusha uvimbe, lakini ilibidi ipigwe mgongoni ili ifike kwenye maji ya ubongo. Kwa nini?

5. Chora mpango wa shamba la vipande vinane vya kupimia samadi ya mbuzi kwa alizeti. Onyesha vipande vya kulinganishia, na ueleze utatumia njia gani kuvichagua.

6. Waulize wazee wa nyumbani kwenu juu ya dawa moja wanayoiamini. Andika wanaiamini kwa sababu gani, kisha ueleze kwa heshima ni jaribio gani lingeweza kuonyesha kama wanasema kweli.